Programu za Polisi kwa Vijana: Nani Anayepaswa Kubadilika?

Mabibi na mabwana, maafande, walimu, na nyinyi vijana mliojaza viti vya nyuma kama kawaida yenu, asanteni kwa kunikaribisha. Nimeombwa nizungumzie programu ambazo idara za polisi huwaandalia vijana. Nitasema mapema ninakoegemea, ili asiwepo wa kulalamika baadaye kwamba nilimzunguka: programu hizi hufaa zinapombadilisha askari. Zinapolenga kumbadilisha kijana peke yake, mara nyingi ni pesa na muda uliopotea, na mara nyingine ni madhara.

Turudi New York, mwaka 1914. Mkuu wa polisi wa jiji hilo, Arthur Woods, aliwakuta watoto wa mitaa iliyosongamana wakichezea barabarani, katikati ya farasi na magari, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuchezea. Wengine walikuwa wakikamatwa kwa sababu ya mchezo wenyewe. Yaani mtoto anafikishwa mbele ya hakimu kwa sababu ya mpira! Woods akatafuta mitaa ya kufungwa kwa saa kadhaa ili magari yasipite na watoto wacheze, na viwanja vitupu vikatumika vilevile. Kutokana na juhudi hizo ilikua Police Athletic League, yaani ligi ya michezo ya polisi, ambayo mfano wake ulienea katika miji mingi ya Marekani. Sydney nao wakafungua klabu yao ya kwanza ya polisi na vijana mwaka 1937, katika mtaa wa Woolloomooloo.

Angalieni kilichobadilika pale New York. Watoto walikuwa walewale na mpira uleule. Amri ya polisi ndiyo iliyogeuka.

Sasa tuje kwenye programu iliyopendwa kuliko zote, D.A.R.E. Ilianzishwa Los Angeles mwaka 1983 na mkuu wa polisi Daryl Gates kwa kushirikiana na mamlaka ya shule za jiji hilo. Askari aliyevaa sare aliingia darasani mara moja kwa wiki, masomo 17, akiwafundisha watoto wa miaka 10 au 11 kuhusu dawa za kulevya na namna ya kusema hapana. Mwishoni kulikuwa na insha, ahadi, mahafali na fulana. Wazazi waliipenda, walimu waliipenda, wanasiasa waliipenda zaidi. Ikaenea katika takriban robo tatu ya wilaya za elimu nchini Marekani.

Kisha watafiti wakafanya jambo ambalo si la kawaida kwa kitu kinachopendwa: wakawalinganisha waliopitia masomo hayo na wasioyapitia. Mwaka 1994 ulitoka uchambuzi uliokusanya tathmini nyingi pamoja, na uchambuzi mwingine ukafuata mwaka 2004. Jibu lilikuwa lilelile: katika utumiaji wa dawa za kulevya, tofauti kati ya makundi hayo mawili ilikuwa ndogo mno, karibu na sifuri. Programu ilibadilishwa mtaala baadaye, mwaka 2009, na bado ipo.

Naona afande mmoja pale mbele anatikisa kichwa. Ni haki yako, afande, na nisikilize kidogo. Askari wale hawakuwa wavivu. Walipewa mafunzo ya saa 80 kabla ya kuingia darasani. Shida ninayoiona mimi ni kwamba mtoto alifundishwa kumkatalia muuzaji asiyemjua, ilhali sigara ya kwanza na chupa ya kwanza hutoka kwa rafiki, au kaka, au binamu. Isitoshe, wiki 17 zikiisha, askari anahamia darasa lingine. Akifika miaka 15, umri wa majaribu yenyewe, kijana yule hana askari hata mmoja anayemjua kwa jina.

Kuna mbaya zaidi. Katika miaka ya 1970, wafungwa wa kifungo cha maisha katika gereza la Rahway, New Jersey, walianza kuletewa vijana watukutu ili wawatishe. Vijana walifokewa, walitukanwa, walielezwa kinaganaga yatakayowapata gerezani. Filamu ya hali halisi ikatengenezwa, ikapata tuzo ya Oscar, na miji mingi ikaiga. Ni jambo lenye mvuto, nakiri. Linatosheleza hasira zetu sisi watu wazima.

James Finckenauer, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers, akawafuatilia vijana hao. Kati ya waliopelekwa gerezani kutishwa, takriban 41 katika kila 100 walifanya makosa mapya. Kati ya wenzao ambao hawakupelekwa, 11. Kundi lake lilikuwa dogo, kwa hiyo tusingemwamini peke yake. Lakini Anthony Petrosino na wenzake walipokusanya majaribio 9 ya aina hiyo, picha ilibaki ileile: vijana waliotishwa walifanya makosa mengi zaidi kuliko ambavyo wangefanya wangeachwa tu. Hata leo nasikia watu wakipendekeza ziara za namna hiyo. Tafadhali, msifanye.

Kwa nini hofu izae makosa? Maelezo ni mengi. Mojawapo linazigusa programu nyingine zote, hata zile za upole: ukiwakusanya vijana wenye matatizo mahali pamoja, wanafundishana. Mmoja anasimulia alivyovunja dirisha, wenzake wanacheka, na kile kicheko ni zawadi. Kule Massachusetts, utafiti mrefu ulioanza mwaka 1939 uliwahusisha wavulana zaidi ya 500, nusu yao wakipewa malezi ya karibu na washauri, na baadhi wakipelekwa kambi za kiangazi. Miaka 30 baadaye mtafiti Joan McCord aliwatafuta. Waliosaidiwa hawakuwa na hali bora kuliko wasiosaidiwa, na katika mambo kadhaa walikuwa na hali mbaya zaidi, hasa waliorudi kambini mara kwa mara. Kwa hiyo klabu ya ndondi ya polisi ikijaza wale walioshindikana tu, mwalimu wa ndondi ameshapewa mzigo asiouweza. Changanyeni watoto. Na mtu mzima awepo wakati wote, hata kwenye vyumba vya kubadilishia nguo na kwenye basi la kurudia nyumbani.

Kuna programu ya katikati, G.R.E.A.T., iliyoanza Phoenix mwaka 1991 ili kuwazuia watoto wasijiunge na magenge. Tathmini ya kwanza ilionyesha matokeo madogo. Wakafanya la heshima: wakaufumua mtaala, wakaubadilisha kuwa masomo 13 yenye mazoezi badala ya hotuba, wakaupima upya katika miji 7. Mwaka mmoja baadaye, uwezekano wa kujiunga na genge ulikuwa umepungua kwa asilimia 39, na watoto waliwatazama polisi kwa jicho jema kidogo. Makosa kwa ujumla hayakupungua. Ni mafanikio nusu, nami nayaheshimu kuliko mahafali yenye fulana.

Ninayoipenda zaidi haina hata jina la kuvutia. Mwaka 1991, polisi wa New Haven, Connecticut, waliungana na kituo cha watoto cha Chuo Kikuu cha Yale. Askari akiitwa usiku kwenye nyumba yenye ugomvi, akakuta mtoto ameona mama yake akipigwa, anampigia simu mtaalamu wa afya ya akili wa watoto aliye zamu, saa yoyote. Askari wenyewe walifunzwa jinsi mtoto wa miaka 4 anavyoielewa hofu, na wa 14 anavyoificha. Mafunzo yale yalimfanya askari amwone mtoto aliyekaa kwenye ngazi, ambaye zamani angemruka ili amfikie mtuhumiwa.

Kuhusu kadeti, yaani vijana wanaolelewa na polisi katika kazi yao, nitasema machache, ila haya ni ya lazima. Nchini Uingereza na Marekani vijana huvaa sare, hujifunza nidhamu na huduma ya kwanza, na baadhi huishia kuajiriwa. Vizuri. Lakini pia kumekuwa na kesi za askari waliowadhalilisha kadeti wao. Mahali penye sare, mamlaka na binti wa miaka 15, kanuni iandikwe: hakuna askari kubaki peke yake na kijana garini, hakuna ujumbe wa faragha wa simu, na malalamiko yapokelewe na mtu wa nje ya kituo.

La mwisho ni rekodi. Kijana akijiunga na klabu yenu, jina lake liende wapi? Ikiwa linaingia kwenye kompyuta ileile ya wapelelezi, mwambieni mzazi kabla hajasaini fomu. Na kama hamwezi kumwambia, basi msilihifadhi.

Nimemaliza yangu. Afande aliyekuwa akitikisa kichwa, nakuomba uanze wewe kuuliza.