Alinitii, Tukashindwa

Assalaam alaykum. Na kwa wasiotumia salamu hiyo, habari za jioni.

Mwenyekiti aliponiomba nije kuzungumza, nilimwambia ukweli: nina miaka sita kwenye mashindano ya mbwa wa kuchunga kondoo, na sijawahi kushinda hata moja. Akasema ndiyo maana wananitaka, mabingwa hawana hadithi. (Kicheko.)

Niliondoe kwanza lililo mioyoni mwenu, maana namwona shangazi pale mbele ameshakunja uso. Mimi mtoto wa Tanga, nimelelewa kwamba mbwa akikulamba unaosha mara saba, moja kwa udongo. Bado naosha. Lakini mbwa wa kuwinda na wa kuchunga wana ruhusa yao, na aya ya 4 ya Suratul Maida inawataja wanyama tunaowafundisha kuwinda. Mbwa wangu analala bandani, nje. Haya, tuendelee.

Nilifika kaskazini mwa Wales kwa kazi ya kuendesha lori la chakula cha mifugo. Asubuhi moja nimeegesha kwenye shamba la mzee mmoja, nikaona kondoo kama sitini wanashuka mlimani, wamejikusanya, wanatembea. Mchungaji simwoni. Nikatafuta fimbo, nikatafuta mtoto wa kupiga mluzi, maana kwetu nilizoea kuwaona Wamasai wakivusha ng'ombe barabarani: kijana nyuma na fimbo, na mbwa, kama yupo, kazi yake ni kubweka fisi akija usiku. Hapa nikaona kitu cheusi na cheupe kimeinama nyuma ya kundi, kinanyata kama paka. Hakibweki. Mzee amesimama getini, mikono mfukoni.

Nikamwuliza, "Umemwambia nini?" Akasema, "Bado sijamwambia kitu."

Huyo ni Border Collie. Wenyewe wanasema mbwa wa namna hii "ana jicho". Sisi watu wa pwani mtu akisema fulani ana jicho tunakimbilia ubani (kicheko), lakini maana yao ni kwamba anawakazia kondoo macho, ameinamisha kichwa, na kondoo wanasogea kwa sababu ya anapokaa na anavyowatazama. Akisogea hatua mbili kulia, kundi zima linageuka kidogo kushoto. Hawakimbizi. Anaichezea nafasi iliyo kati yake na wao. Akiibana wanatembea, akiiachia wanapoa.

Mbwa wa kwanza, Nell, nilimnunua akiwa na miaka sita, ameshahitimu. Ndivyo wanavyokushauri: mwanafunzi mmoja kwa wakati, na mwanafunzi awe wewe. Alijua amri zote. "Come bye" anazunguka kondoo kwa mwelekeo wa mshale wa saa, "away" anarudi kinyume chake. Kwa mbali unatumia kifilimbi cha bati kilichokunjwa kama nusu mwezi, unakilaza juu ya ulimi. Wiki ya kwanza nilitoa mate tu. Mke wangu akanihamishia garini.

Sasa uwanja. Unasimama kwenye nguzo. Kondoo wanne au watano wanatolewa mbele yako, mita mia tatu, mia nne. Mbwa anatoka miguuni pako, anazunguka kwa upana, njia yake ina umbo la pera, mpaka afike nyuma yao bila kuwashtua. Huo mzunguko una alama 20. Kuwaanzisha mwendo, 10. Kuwaleta kwako kwa mstari ulionyooka, wakipita kwenye malango ya katikati, 20. Halafu kuwaswaga mbali nawe, 30, na hapo ndipo wengi tunapolia, kwa sababu tabia ya asili ya mbwa huyu ni kukuletea, wewe sasa unamwambia apeleke. Kutenga baadhi ya kondoo na wenzao, 10, na kuwaingiza zizini, 10. Jumla 100. Ila jaji hakupi alama: unaanza nazo zote, yeye anakata.

Shindano letu la kwanza, Nell alikwenda vizuri mno. Alizunguka, akalala nyuma yao, akawaondoa taratibu. Mimi nguzoni magoti yanagongana. Wakiwa nusu ya njia nikaona wanapinda kushoto kwangu, watayakosa malango. Nikapiga filimbi ya "away" ili aje upande ule awanyooshe. Nell akasimama. Akainua kichwa, akatazama upande wa pili. Nikapiga tena. Akasogea hatua moja, akasimama tena. Nikaona, huyu ananiaibisha mbele ya watu. Nikatoa filimbi mdomoni, nikapaza sauti yangu yote ya sokoni.

Akanitii.

Na upande aliouacha wazi alikuwapo jike mmoja aliyekuwa amegeuza masikio na mguu wa mbele tangu mwanzo, anautamani uzio walikotokea. Mimi kutoka mita mia mbili nilikuwa naona nukta nne nyeupe. Nell alikuwa anaona masikio. Jike akachomoka, watatu wakamfuata, na kondoo wa milimani wa Wales wakishachomoka ni kama karanga zilizomwagika kwenye ngazi. Nikamwita mbwa, nikamshukuru jaji kama desturi, nikatoka.

Yule mzee alikuwa ameegemea gari lake. Nilidhani atanipa pole. Akasema, "Alikuuliza mara mbili. Wewe ukamfokea."

Ndugu zangu, mimi nilikwenda kule nikiamini kufundisha mbwa ni kumfanya atii. Na lazima atii, sikatai. Mbwa asiyesimama ukimwambia asimame ni balaa kwa kondoo. Lakini amri nyingi za mtu mgeni kwenye mchezo huu zinatokana na hofu yake mwenyewe, na mbwa mzuri anakulipa ujinga wako kwa utii.

Hata historia ya mchezo huu inasema hivyo. Shindano la kwanza linalokumbukwa Uingereza lilifanyika Bala, huko huko Wales, mwaka 1873. Mshindi? Mhamiaji! Mskochi aliyekuwa akiishi Wales, na mbwa wake Tweed. (Makofi.) Nami napita Bala na lori langu, kila mara namtolea salamu. Miaka ishirini baadaye, 1893, huko Northumberland, kaskazini mwa England, mkulima aitwaye Adam Telfer akapata mbwa aliyeitwa Hemp, ambaye wengi wa mbwa hawa leo wana damu yake. Baba yake Hemp alikuwa mchangamfu asiye na makali, mama yake mwoga mwenye jicho kali. Mtoto akatoka mkimya, anafanya kazi bila fujo, na wachungaji wakamfuata kwa ajili ya ukimya huo.

Nell sasa amezeeka, anaota jua. Kwa mara ya kwanza nimemlea mbwa mwenyewe tangu akiwa mtoto, namwita Tui. Jina lazima liwe fupi, lifike mlimani. Huyu nikasema nitamsomesha kwa Kiswahili. Kushoto, kulia. Akachanganyikiwa kabisa, na kosa si lake: zote zinaanza na "ku", na kwenye upepo mbwa anasikia mwanzo tu. Nikakumbuka marehemu baba, baharia wa jahazi. Sasa Tui anakwenda "joshi" na "demani", maneno ya mabaharia ya upande unakotoka upepo na upande unakoelekea. Wakulima wanadhani ni Kiarabu.

Na miezi miwili ya mwanzo sikumwambia karibu kitu. Uwanja mdogo, kondoo watano wapole waliozoea mbwa. Mimi natembea kinyumenyume, yeye mwenyewe anakwenda kukaa upande wa pili ili anizuilie kondoo. Nikipinda anapinda. Neno la kwanza lilikuwa "lala", na la pili lilichelewa sana kuja.

Mwaka jana tukaingia shindano la wanaoanza. Zizini, nimeshika kamba ya lango, maana huruhusiwi kuiachia, kondoo watatu wameshaingia vichwa, wa nne ananitazama mimi. Ulimi unaniwasha. Tui amelala, mkia chini. Nikanyamaza. Sekunde ngapi sijui, nilisikia mtu akifungua biskuti nyuma yangu. Tui akasogeza mguu mmoja, mmoja tu, na yule wa nne akapiga chafya, akaingia.

Tulikuwa wa saba kati ya kumi na moja.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Maswali nitajibu, ila la mara saba nimeshalijibu, shangazi. Na Tui yuko nje kwenye gari, kwenye maegesho pale. Anayetaka kumwona aje. Hang'ati, atakukodolea macho tu mpaka usogee.