Chupa ya Maji na Kome wa Mtoni

Ndugu zangu, walionisikia mwaka jana watanisamehe, kwa sababu narudi kwenye chupa ileile: chupa moja ya maji haitoshi kutuambia kama mto umechafuliwa, na kome, mnyama wa majini mwenye magamba mawili, husimulia zaidi. Kijana mmoja aliniletea maji ya kijito kinachoshuka kutoka mashamba ya kahawa ya Kilimanjaro, akanieleza kwa furaha kwamba maabara haikuona shaba ya kutisha. Nikamuuliza aliyachota lini. Mwezi wa nane, saa nne asubuhi, kiangazi kikavu! Mrututu na dawa nyingine za shaba hupigwa dhidi ya chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, na kutu ya majani mvua zinapokaribia na zinapoendelea, kisha mvua moja kubwa ya usiku huteremsha mtoni udongo uliolimbikiza shaba kwa miaka mingi, na maji yakishatulia hakuna chupa itakayokusimulia yaliyopita. Kome aliyejizika nusu mchangani, kwa upande wake, alikuwa akichuja maji hayo usiku kucha, na sehemu ya shaba ikabaki katika matamvua na nyama yake.

Najua kuna atakayesema kwamba kome hufunga magamba akionja sumu. Hufunga, ndiyo, lakini hawezi kufunga msimu mzima, atakula nini? Mwingine atasema kwamba mlima ule ni wa volkano na shaba imo miambani tangu zamani. Ndiyo maana tunaweka vizimba viwili, kimoja juu ya mashamba na kingine chini yake, vyenye kome wa ukubwa mmoja waliotoka sehemu moja, tukawalinganisha baada ya wiki kadhaa. Na tafadhali, kabla ya kuwapima, waacheni kwanza katika maji safi watoe uchafu wa tumboni, la sivyo mtapima tope na kuliita nyama.

Wala wazo hili si la jana: Edward Goldberg, mwanakemia wa bahari wa Marekani, alipendekeza kome wa pwani watumike hivyo mwaka 1975.

Kadimiamu, metali yenye sumu, ya mbolea za fosfeti na zinki ya samadi ya kuku nilikusudia kuzieleza kwa kirefu, lakini naonyeshwa saa. Niseme tu kwamba shaba na zinki mwili wa kome hujaribu kuzidhibiti, ilhali kadimiamu hujilimbikiza, hivyo husomeka kwa urahisi zaidi. Kijana yule, kama yumo humu ukumbini, vizimba ninavyo, na masika huanza mwezi wa tatu.