Dakika 38 za Alhamisi

Assalamu alaykum wazee wangu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma. Sogeeni mbele, nafasi ipo.

Nimeombwa nizungumze juu ya tarehe. Redioni mnasikia kila asubuhi, "Siku kama ya leo...", na ikifika 27 Agosti hutajwa jambo la hapa kwetu: vita vifupi kuliko vyote duniani, Zanzibar, 1896, dakika 38. Mtangazaji hulisema kwa bashasha, halafu muziki. Leo naomba muziki usubiri.

Jumanne ya tarehe 25, karibu na saa sita mchana, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Jua halijatua, binamu yake Khalid bin Barghash keshaingia jumbani na kujitangaza. Lakini Waingereza walikuwa na mtu wao, Hamoud bin Mohammed, na tangu waifanye Zanzibar himaya yao, 1890, walijiona wao ndio wa kusema nani akalie kiti. Mwakilishi wao, Basil Cave, akapeleka telegramu London: je, meli zikibidi kupiga, zipige? Akajibiwa achukue hatua anayoona inafaa, serikali itamuunga mkono. Admirali Harry Rawson akatoa muda: Alhamisi, saa tatu asubuhi, bendera iwe imeshuka.

Bandarini zilikuwa meli tano za kivita. Jumbani, watu wapatao 2,800. Askari walikuwamo, lakini walikuwamo pia watumishi na watumwa kwa mamia, na raia waliojiunga siku hizo mbili. Jumba lenyewe sehemu kubwa ni mbao, na kinga yao ni masanduku na marobota yaliyorundikwa. Saa mbili na nusu asubuhi Khalid alituma ujumbe kwamba hana nia ya kushusha bendera, wala haamini kama watampiga. Kwa nini aamini? Mwaka 1893 alijaribu vivyo hivyo, akashauriwa, akatoka, na hapakupigwa risasi.

Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza.

Nilipokuwa nasomesha, niliwapeleka wanafunzi Forodhani, tukakaa juu ya ukuta wa bahari. Nikawaambia: natazama saa, msifanye lolote mpaka niseme basi. Dakika tano za mwanzo walikuwa wakichekeshana. Ya kumi wakaanza kuniuliza kama bado. Ikafika ya ishirini, kimya. Kulikuwa na mzee mmoja akitengeneza mtumbwi chini yetu. Alipoanza alikuwa na ubao mzima, na kabla sijasema basi alishaukata, akaupiga randa, akaupachika na kuanza kuugongea misumari. Mtoto mmoja wa kike akanishika mkono: "Mwalimu, kumbe ni nyingi hivi!" Nyingi, mwanangu. Mtu aliyejificha nyuma ya robota, na mbao zinashika moto juu ya kichwa chake, hakuviona vita hivyo vifupi.

Ndipo lilipo neno langu la leo. Wako wanaosema dakika 38, wako wanaosema 40, wengine 45, na wanabishana risasi ya kwanza ihesabiwe ipi na ya mwisho ipi. Dakika zinahesabiwa moja moja. Watu wa jumbani waliouawa na kujeruhiwa, wanaambiwa "kama 500". Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja, na huyo yumo kwenye kila simulizi. Mimi linanichoma hilo. Hata mabomu yalipata hesabu yake, maana waliomuunga mkono Khalid walitozwa fidia, na ndani yake ilikuwamo gharama ya mabomu waliyopigwa nayo!

Khalid mwenyewe alikimbilia ubalozi mdogo wa Wajerumani. Oktoba wakamtoa kwa njia ya bahari mpaka Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata 1916, wakampeleka uhamishoni, na mwisho akafia Mombasa 1927. Habari zake zimeandikwa kirefu, sina haja ya kuongeza.

Nyinyi vijana mkitoka hapa pitieni pale mbele ya bahari. Penye bustani, baina ya Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, na jumba lililo jirani yake, ndipo lilipokuwa Beit al-Hukm, moja ya majumba ya Sultani. Lilivunjwa siku ile na halikujengwa tena. Mnara uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib nao uliharibiwa, na mwaka uliofuata ukajengwa mnara wa saa kwenye uso wa nyumba yenyewe. Huo ndio ulioporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na wengi humu mnaikumbuka siku hiyo mlikuwa wapi. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza juu ya maji miaka mingi. Waliozaliwa baadaye walikua wakiiona kila wakienda kuvua, na bila shaka waliuliza, na wakubwa wao waliwajibu.

Majibu hayo ndiyo ninayoyatafuta. Wazee wangu, kama yupo ambaye bibi yake alimtajia mtu aliyekuwa jumbani asubuhi ile, mpishi, mchukuzi, yaya, hata kama ni jina moja tu bila la baba, daftari liko mezani hapa. Nitakaa mpaka adhana ya magharibi.