Mali Ina Maswali Mawili

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Nimeombwa nizungumzie mali na maisha ya roho, na nitaanza na hadithi aliyoipokea Imamu Tirmidhi. Mtume (S.A.W.) anatufahamisha kwamba Siku ya Kiyama nyayo za mja hazitaondoka pale aliposimama mpaka aulizwe: umri wake aliumaliza katika nini, elimu yake aliifanyia nini, mwili wake aliuchakaza katika nini, na mali yake aliichuma wapi na akaitumia katika nini. Hesabuni vizuri. Umri una swali moja. Elimu moja. Mwili moja. Mali peke yake ina mawili.

Kabla sijayagusa hayo mawili, niliondoe jambo moja njiani. Wako wanaodhani mcha Mungu wa kweli ni lazima awe fukara. Si hivyo. Katika Sura Al-Qasas, aya ya 77, tunaambiwa tutafute makazi ya Akhera kwa yale aliyotupa Mwenyezi Mungu, wala tusisahau fungu letu la dunia. Sahaba Saad bin Abi Waqqas alipougua alitaka kuusia mali yake yote itolewe sadaka. Mtume akamkatalia. Akashuka hadi nusu, akakataliwa tena. Akaruhusiwa thuluthi, na hata hiyo akaambiwa ni nyingi, kwa kuwa kuwaacha warithi wanajitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiwanyooshea watu mikono. Dini inayomzuia mgonjwa asiwaache wanawe mikono mitupu haiwezi kuwa dini inayochukia mali.

Sasa swali la kwanza: uliichuma wapi? Hapa ndipo tunapopita haraka mno. Mtu anakula riba, anapunja mizani, anamcheleweshea kibarua ujira wake, anapokea rushwa, kisha anachangia ujenzi wa msikiti na moyo wake unatulia. Anajibu swali la pili kwa sauti kubwa ili la kwanza lisisikike. Lakini Mtume (S.A.W.) amesema Mwenyezi Mungu ni mwema na hakubali ila kilicho chema. Katika hadithi hiyo hiyo, aliyoipokea Imamu Muslim, akamtaja mtu aliye katika safari ndefu, nywele timutimu, amejaa vumbi, ananyanyua mikono mbinguni, “Ewe Mola wangu, ewe Mola wangu!”, ilhali chakula chake ni haramu, kinywaji chake ni haramu na vazi lake ni haramu. Atajibiwaje huyo? Tazameni: msafiri, mnyonge, anayeomba kwa kusisitiza. Sababu zote za kukubaliwa dua anazo, na tonge moja imesimama mlangoni. Kwa hiyo mtu anaposema, “Mbona naomba sijibiwi?”, mimi nadhani aanze kukagua mapato yake kabla hajatafuta dua nyingine ya kusoma. Na aliyekula haki ya mtu, toba yake haitimii mpaka amrudishie mwenyewe. Kuitoa sadaka wakati mwenye haki yupo na anajulikana si kumrudishia.

Swali la pili: uliitumia katika nini? Qur'ani inatusimulia Qaruni, mtu wa kaumu ya Musa, ambaye funguo za hazina zake ziliwalemea watu wenye nguvu. Haikutueleza alianzaje kutajirika. Imetueleza alivyowafanyia jeuri watu wake, na ikatunukulia jibu lake aliponasihiwa: kwamba hayo alipewa kwa sababu ya elimu aliyo nayo. Maneno haya tunayasikia kila siku, na pengine tunayasema: nimejituma, hakuna aliyenisaidia. Mwenye kuamini hivyo, kila anachokitoa hukiona ni hisani yake. Ndiyo maana Qur'ani, katika Sura Adh-Dhariyat, inasema katika mali za wachamungu imo haki ya mwenye kuomba na asiyejaaliwa. Haki, ndugu zangu. Masikini anapopokea zaka anapokea chake, na wewe huna ruhusa ya kumsimbulia.

Na kuna tajiri wa namna nyingine. Sahaba Abdurrahman bin Awf aliwasili Madina hana kitu. Saad bin Rabii, mwenyeji wa Madina ambaye Mtume alimuunganisha naye kindugu, akataka kumgawia nusu ya mali yake. Abdurrahman akamwombea baraka, akasema: nionyesheni soko liliko. Akafanya biashara, akatajirika sana. Siku moja amefunga, akaletewa chakula, akamkumbuka Mus'ab bin Umair aliyeuawa katika vita vya Uhud, akakafiniwa kwa shuka moja: wakimfunika kichwa, miguu inabaki wazi, wakifunika miguu, kichwa kinabaki wazi. Akasema Mus'ab alikuwa bora kuliko yeye, na akahofia kwamba wao wameharakishiwa malipo ya mema yao hapa hapa duniani. Akalia mpaka akakiacha kile chakula. Utajiri haukuiharibu roho yake, kwa kuwa kila alipoutazama alijiona wa kuulizwa.

Nimalizie kwa jambo la utekelezaji, maana naliona likiharibika hata kwa watu wema. Zaka ya fedha ni asilimia 2.5, mali ikifikia nisabu, yaani kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ambayo kwa dhahabu ni takriban gramu 85, na ikapitiwa na mwaka. Mwaka huo ni wa mwezi mwandamo, mfupi kwa siku zipatazo 11 kuliko mwaka wa kalenda ya kawaida. Anayetoa kila Januari anachelewa siku 11 kila mwaka, na katika miaka 33 zaka ya mwaka mzima imebaki mikononi mwake bila kukusudia. Chagueni tarehe ya Kiislamu, iandikeni, na familia iijue. Andikeni pia madeni yenu, kwani deni hulipwa kabla ya mirathi kugawiwa, na mtoto hawezi kulipa asichokijua.

Wabillahi tawfiq. Karibuni maswali, na mwenye suala la mali ya shirika aanze, kwa kuwa hilo linahitaji muda.