Mtoto wa rimandi anakula nini? Mazungumzo na kina mama wa Likoni

Asalaam aleikum kina mama, hamjambo na vijana pia, asanteni kwa kuja na jua lote hili. Kila Ramadhani tunajaza tuktuk tunawapelekea watoto walioko rimandi wakisubiri kesi zao, na ni jambo zuri sana, lakini hebu niwaulize, huwa tunapakia nini mle? Unga, sukari, biskuti, soda.

Sasa sikizeni. Wale ni watoto wa miaka 12 mpaka 17, mifupa ndio inarefuka, wasichana washaanza hedhi, yaani mwili unadai chuma, ile madini ya kutengeneza damu, kwelikweli, na wengine wanaingia pale wametoka kulala nje, gundi ndio ilikuwa inawasahaulisha njaa. Ukimpa ugali na kabeji kila siku tumbo litajaa sawa, lakini damu haitajaa.

Kuna home moja niliingia kama mtu wa lishe nikakuta maharagwe, sufuria kubwa, yamepikwa vizuri tu, nikafurahi, halafu naona kila mtoto na sahani yake na kikombe cha chai ya rangi pembeni. Jamani! Chai inaishika ile chuma ya kwenye maharagwe, mwili unapata kidogo sana. Na mpishi hana ubaya, alitaka watoto wapate kitu cha moto, hakuna aliyewahi kumwambia. Basi chai tukaisogeza mpaka saa kumi, na kwenye sahani tukaweka kipande cha ndimu mtoto akamulie mwenyewe, maana ndimu inaisaidia chuma iingie mwilini, hata embe, pera, chungwa vilevile. Nyama hatukununua hata robo. Mimi naona tuanzie hapo kabla ya kuanza kutafuta wafadhili.

Unga tukinunua tuchukue wa paketi, ule sheria tangu 2012 inataka utiwe vitamini na madini, wa kusaga mtaani mara nyingi hauna. Na dawa ya minyoo muulizie, kwa sababu minyoo ya safura inanyonya damu ileile tunayohangaika kuiongeza.

Katiba yetu kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya lishe, makao na matibabu, kila mtoto, hakikusema isipokuwa aliyekosea.

La mwisho ni mizani. Huku nyumbani wewe mama unaona shati limeanza kumpwaya mtoto, unashtuka, unauliza kuna nini, kule nani wa kuona na watoto ni wengi na nguo ni sare? Apimwe siku anayoingia, na kila mwezi iandikwe, akishuka kilo apelekwe hospitali, inaweza kuwa TB, inaweza kuwa mtoto ana huzuni, hataki kula.

Kwa hiyo mwaka huu tuktuk ipakie mbaazi, omena, mchicha, na ndimu tutazifuata soko la Kongowea asubuhi ziko bei nafuu. Soda tuache. Na mwenye mizani nyumbani haitumii anione hapa mbele kabla hatujatoka.