Pesa Inavyoingia, Inakokaa na Nani Anaiona: Mhadhara kwa Vikundi vya Akiba, Nakuru

Viongozi wa vikundi, wanachama, na nyinyi nyote mliofunga biashara mapema mkaja kutusikiliza, hamjamboni.

Swali tulilopewa ni fupi: je, pesa huleta furaha? Jibu nalitoa mapema. Huleta. Anayekana kabisa, mara nyingi ni mtu ambaye kodi ya mwezi huu ameshailipa. Kilicho kigumu ni kueleza kwa nini shilingi 50,000 humpa mmoja usingizi wa mwaka mzima, na mwingine akipewa hizo hizo, wiki mbili baadaye yuko pale pale alipokuwa. Mimi nasema chanzo kikubwa ni jinsi pesa inavyoingia, inakokaa na nani anaiona. Kiasi kina nguvu yake, lakini hakifanyi kazi peke yake.

Tuanzie hapa kwetu. Wanauchumi Johannes Haushofer, Robert Mudida na Jeremy Shapiro walifanya utafiti vijijini katika kaunti hii ya Nakuru, wakatoa matokeo mwaka 2020. Watu walikuwa 5,756. Waligawanywa kwa kura: wengine wakapewa pesa mara moja, wengine wakapitishwa katika ushauri nasaha wa wiki tano uliobuniwa na Shirika la Afya Duniani, wengine wakapata vyote viwili, wengine wasipate kitu. Mwaka mmoja baadaye, waliopewa pesa walikuwa na matumizi makubwa zaidi nyumbani, mali zaidi, na hali ya moyo iliyo bora kuliko wasiopata kitu. Ushauri peke yake haukuacha tofauti ya kupimika. Waliopata vyote viwili walikaribiana na waliopata pesa tu. Msiondoke hapa mkisema washauri nasaha hawana kazi. Mwenye ugonjwa wa akili atibiwe, tena haraka. Ila kwa mwananchi wa kawaida anayekosa usingizi kwa sababu ya deni la dukani, dawa ya kwanza ni kulipa deni la dukani.

Sasa, furaha hupanda vipi pesa ikiongezeka? Hufuata asilimia zaidi kuliko idadi ya shilingi. Anayepata 10,000 kwa mwezi akiongezewa 2,000, amepanda kwa 20%. Wa 100,000 atahitaji 20,000 ili asikie kitu kinachofanana na hicho. Mwaka 2010 Daniel Kahneman na Angus Deaton waliandika kwamba Wamarekani wakishafika takribani dola 75,000 kwa mwaka, furaha ya kila siku haipandi tena. Mwaka 2021 Matthew Killingsworth akaleta takwimu zilizoonyesha kwamba inaendelea kupanda. Badala ya kurushiana maneno, yeye na Kahneman wakakaa meza moja, Barbara Mellers akiwa msuluhishi, na mwaka 2023 wakatoa jibu la pamoja: kwa wengi hupanda tu, lakini kwa wale wenye huzuni kuliko wote, kama mtu mmoja kati ya watano, pesa hupunguza majonzi hadi kiasi fulani, kisha inagota. Ukifiwa, mshahara mnono hauendi mbali.

Hayo ni ya Marekani. Turudi magharibi mwa Kenya, maana ulimwengu mzima umejifunza habari za pesa na moyo kutoka Siaya na Busia kuliko wenyewe wa huko wanavyojua.

Kati ya 2011 na 2013, huko Rarieda katika kaunti ya Siaya, kaya maskini zilipewa pesa kupitia M-Pesa bila sharti lolote. Kaya nyingi zilipata shilingi 25,200, nyingine 95,200. Baadhi zilipata kwa mkupuo mmoja, baadhi mwezi kwa mwezi. Watafiti hawakutosheka na kuuliza "unajisikiaje?", walikusanya hata mate ya watu wakapima kotisoli, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Furaha na kuridhika na maisha vilipanda. Matumizi ya pombe na sigara hayakupanda, na hilo liwafikie wale mashemeji wanaosema maskini akipewa pesa atainywa.

Waliopokea kila mwezi walikuwa na chakula cha uhakika zaidi. Waliopokea kwa mkupuo walinunua vitu vinavyodumu, na kimoja kilichojitokeza ni mabati. Hebu tulitazame hilo bati kwa karibu. Paa la nyasi hudai pesa na mikono kila mara: nyasi za kufunga, siku ya kazi, na likichelewa kuzibwa kabla ya masika, godoro linalowa. Bati hulipiwa mara moja. Lakini huwezi kununua theluthi ya paa mwezi huu na theluthi mwezi ujao ukalala pakavu, kwa hivyo pesa ndogo ndogo haifiki huko hata jumla yake ikiwa ile ile. Na kwa kuwa tumefika kwenye bati: geji 32 ni nyembamba kuliko geji 30 ingawa namba ni kubwa, na msumari upigwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde, la sivyo maji yatapita pale pale ulipopigilia. Nimewaona wanaotabasamu. Mnajua nyumba ninazosema.

Utafiti mwingine unaendelea Siaya na Bomet, katika vijiji 295. Vijiji vingine watu wazima waliahidiwa takribani shilingi 2,250 kila mwezi kwa miaka 12, vingine kiasi hicho hicho kwa miaka miwili tu, na vingine vikapewa yote ya miaka miwili kwa mkupuo. Wa mkupuo na wa miaka 12 walifanya vizuri zaidi kiuchumi kuliko wa miaka miwili ya mwezi kwa mwezi. Wa miaka 12 waliwezaje, nao hupokea kidogo kidogo? Wengi walijiunga na vyama, yaani vikundi vya kuchanga pamoja na kupokea kwa zamu. Waliigeuza pesa ya mwezi kuwa mkupuo wao wenyewe.

Hapo sasa tumefika kwenu. Chama cha watu 12, kila mmoja 2,000 kwa mwezi, humpa mmoja 24,000 kila mkutano. Vyama vingi hupanga zamu kwa kura, na hapo ndipo raha inapomwagika. Anayeangukiwa na mwezi ambao hana bili kubwa, 24,000 huyeyuka: viatu, nyama, mkopo kwa shemeji. Ikifika Januari anakopa. Ninachopendekeza ni hiki: kwenye mkutano wa kwanza wa mzunguko, kila mwanachama aandike bili moja kubwa aliyo nayo mwaka huo, bei yake na mwezi wake. Karo ya shule za bweni imekuwa ikigawanywa 50, 30 na 20 kwa mihula mitatu, kwa hivyo mwenye mtoto wa bweni apewe Desemba. Nusu ya karo ya mwaka inamgoja Januari. Anayetaka kubadilisha paa apewe Februari, kabla mvua ndefu hazijaanza. Anayeongeza bidhaa za sikukuu achukue Novemba. Wawili wakigongana mwezi mmoja, mmoja apokee mwezi uliotangulia, na pesa ikae kwenye akaunti ya kikundi hadi siku yake ifike.

Kuna anayeuliza hapo mbele: je, aliyepata kwanza akitoroka? Anatoroka, naam, na vyama vingi hufa hivyo. Mgeni asipokee katika nusu ya kwanza. Kila anayeingia aweke dhamana sawa na mchango mmoja, irudishwe mzunguko ukifungwa. Atakayepokea mapema awe na wadhamini wawili waliomo humo humo ndani. Na pesa isilale kwa mweka hazina hata usiku mmoja, hata awe mtu wa kanisani kiasi gani. Ihesabiwe kwa sauti, iandikwe, itolewe mkutano haujafungwa. Mnaotumia sanduku, liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na asiwepo hata mmoja kati yao anayelaza sanduku nyumbani kwake.

Kuhusu sanduku, Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio zuri na wanavyama wa magharibi mwa Kenya, likachapishwa 2013. Kundi moja lilipewa kisanduku cha chuma chenye tundu la kutumbukizia pesa, kufuli na ufunguo wake, waweke akiba ya afya. Hakuna riba, hakuna benki. Matumizi yao kwa kinga ya afya yalipanda kwa 66%. Kundi jingine lilipewa kisanduku kile kile ila ufunguo ukabaki kwa afisa wa mradi hadi lengo litimie. Ungedhani hicho ndicho kingeshinda. Hakikushinda, kwa sababu watu waliogopa mtoto akiugua usiku pesa iko ndani haitoki. Basi funga pesa yako kiasi cha kukusumbua, si kiasi cha kukutisha. Mfuko wa dharura uwe wazi kwako. Ule wa karo ndio uufunge.

Kazi ya kisanduku haikuwa kuzuia wezi tu. Pesa ikishapewa jina, ni rahisi kumwambia binamu "hiyo ni ya hospitali" kuliko kumwambia "sina" huku noti zinachungulia mfukoni. Pamela Jakiela na Owen Ozier nao waligundua, katika vijiji vya magharibi mwa Kenya, kwamba wanawake walikuwa tayari kupoteza sehemu ya mapato yao ilimradi ndugu waliokuwepo wasijue wamepata ngapi. Si uchoyo. Ni kodi ambayo Kenya Revenue haijui, na kila mama mboga anaijua.

Madeni nitayapitia haraka, hesabu itasema yenyewe. Mkopo wa simu wa 10,000 kwa ada ya 7.5% kwa siku 30 hugharimu 750. Ukiufufua kila mwezi kwa mwaka, umelipa 9,000 na ile 10,000 bado unadaiwa. Sacco inayotoza 1% kwa mwezi kwa salio linalopungua, ukilipa mtaji sawa kila mwezi kwa miezi 12, riba yote ni 650. Mkipata mkupuo wowote, wa chama au wa mavuno, deni la simu liende kwanza kabla hamjagusa kitu kingine. Mkopo ule kila jioni hukukumbusha kwa ujumbe, na jioni ni wakati ambao watu hulala.

Sasa nani anaiona. Matokeo ya Rarieda yalikuwa na upande wa pili. Katika vijiji ambamo wengine walipata na wengine wakakosa, kadiri majirani walivyotajirika, kuridhika kwa mtu na maisha yake kulishuka, ingawa yeye hakupoteza hata senti. Athari hiyo ilififia baada ya muda, wala haikuonekana kwenye vipimo vya msongo. Na jirani hakuumia mfukoni: utafiti mkubwa wa Siaya, wa vijiji 653, ulionyesha kwamba kila dola iliyoletwa ilizalisha takribani dola 2.5 katika uchumi wa pale, wasiopewa wakafaidi pia, na bei za vitu zikapanda kwa kama 0.1% tu. Jirani alipata wateja zaidi na akahisi amebaki nyuma. Vyote viwili ni kweli kwa wakati mmoja, ndiyo maana nawasihi msitangaze zamu ya mtu kwa picha za noti kwenye WhatsApp.

Pesa ikitoka, itoke wapi kwanza? Huko Tangier, Moroko, familia zilikopeshwa ili ziingize maji ya bomba nyumbani. Afya yao haikubadilika, kwa sababu bomba la umma lilikuwa na maji safi tangu zamani. Bili iliongezeka. Hata hivyo walisema maisha yao yamekuwa mazuri zaidi: muda ulirudi, na ugomvi wa maji nyumbani na kwa majirani ulipungua. Kabla ya kununua televisheni kubwa, hesabu saa zinazoliwa na maji, kuni na foleni, na ujue ni nani nyumbani anayezilipa. Kwa kawaida si baba.

La mwisho ni kutoa. Lara Aknin na wenzake walichunguza takwimu za nchi 136, na katika nyingi mno anayetumia pesa kwa ajili ya wengine ana furaha zaidi. Waliwafanyia watu wa Kanada na Uganda jaribio moja, wakapata jibu lile lile. Lakini mchango unaochunwa kwa aibu hauna faida hiyo kwa mtoaji. Kwa hiyo tenga fungu la michango mwanzoni mwa mwezi, mathalan 1,500 kwa anayepata 30,000. Hospitali na matanga vitangulie, harusi ifuate. Likiisha tarehe 20, sema limeisha, utatuma tarehe 5. Na wanaosimamia makundi ya michango: wekeni majina ya waliotoa na jumla yake, kiasi cha kila mtu kibaki kwenye daftari la mweka hazina. Orodha ya kiasi humfanya wa 200 aone haya kutoa, na kesho hatatoa kabisa.

Kipaza sauti kianzie kwa wale wa nyuma. Yule mama mwenye leso ya kijani ameinua mkono tangu tulipokuwa kwenye mabati.