Kijiji Kimoja, Ngazi Mbili: Namna ya Kusoma Anwani ya Kijiji cha Urusi

Mabibi na mabwana, tuanze na anwani niliyoiandika ubaoni. Warusi huandika kutoka kikubwa kwenda kidogo: Vologodskaya oblast, Kirillovsky rayon, Ferapontovsky selsovet, selo Ferapontovo. Msikilizaji wa Tanzania ataisoma haraka haraka: mkoa, wilaya, kata, kijiji. Nusu ya kwanza hajakosea. Oblasti inafanana na mkoa, na rayoni inafanana na wilaya. Tabu inaanza kwenye selsoveti, yaani baraza la kijiji. Ukichukua karatasi ya mwaka 2015, kijiji hicho hicho kimeandikwa kuwa ndani ya Ferapontovskoye selskoye poseleniye. Ukichukua ya mwaka 2024, kimo ndani ya Kirillovsky munitsipalny okrug. Karatasi zote tatu ni halali. Kijiji hakikuhama hata hatua moja.

Kwanza tumalize maneno ya kijiji chenyewe, maana hayana ugumu. Selo ni kijiji ambacho zamani kilikuwa na kanisa, na watu wa vijiji vya jirani walikwenda hapo kubatizwa, kuozwa na kuzikwa. Derevnya ni kijiji kisicho na kanisa, mara nyingi kidogo zaidi. Makanisa mengi yalibomolewa au kufungwa wakati wa Wasovieti, lakini neno selo lilibaki kwenye vitabu, kwa hiyo msishangae kukuta selo yenye kaya chache kuliko derevnya iliyo jirani yake. Posyoloki ni makazi yaliyoota kandokando ya kazi: kambi ya wakata miti, stesheni ya reli, kiwanda. Kusini mtakuta khutori, makazi madogo ya shamba, na stanitsa, ambayo ni kijiji cha Wakosaki. Kaskazini mwa Kaukasi kijiji huitwa auli. Huko Yakutia wilaya yenyewe inaitwa ulusi, na sehemu ya vijijini iliyo chini yake inaitwa naslegi. Majina hayo yanaeleza historia ya mahali. Hayabadilishi madaraka.

Sasa ngazi mbili. Katiba ya Urusi ya mwaka 1993, katika kifungu cha 12, inasema vyombo vya serikali za mitaa havimo katika mfumo wa vyombo vya dola. Kutokana na kifungu hicho ardhi ile ile ikagawanywa mara mbili. Ngazi ya kwanza ni ya kiutawala: oblasti, rayoni, selsoveti, kijiji. Kila oblasti inaipanga kwa sheria yake yenyewe, ndiyo maana mikoa mingine imefuta selsoveti na mingine, kama Vologda, imeziacha. Ngazi ya pili ni ya serikali za mitaa: rayoni ya kimunisipali, na chini yake poseleniye, yaani halmashauri ya vijijini yenye diwani, bajeti na mkuu wake. Hii ya pili ilijengwa na Sheria ya Shirikisho namba 131 ya tarehe 6 Oktoba 2003. Huko Vologda, selsoveti ya leo haina ofisi, haina baraza, haina senti. Ni jina la kipande cha ardhi tu. Lakini jina hilo lina kazi, na nitalirudia.

Utajuaje uko kwenye ngazi ipi? Tazama mwisho wa neno. Sisi wenye ngeli hatupati shida hapa: kivumishi cha Kirusi hufuata jinsia ya nomino yake, kama chetu kinavyofuata ngeli. Ferapontovsky, mwisho wa -sky, ni jinsia ya kiume, na inakwenda na selsovet, rayon au okrug. Ferapontovskoye, mwisho wa -skoye, inakwenda na poseleniye. Ukiona -skaya, ni oblast, au katika nyaraka za kale volost, yaani kundi la vijiji la zamani nitakalolieleza mbele. Watafsiri wengi hukata miisho hii na kubaki na "Ferapontovo" kote, kisha kijiji, selsoveti na halmashauri vinageuka kitu kimoja. Takwimu za watu zinaharibika hapo hapo: idadi ya wakazi wa halmashauri nzima inabandikwa kwenye kijiji kimoja. Kosa hili limejaa kwenye ensaiklopidia na ramani za mtandaoni, na linaumiza, kwa sababu Ferapontovo si jina la kufanyia uzembe: pale ndipo ilipo monasteri yenye michoro ya ukutani ya mchoraji Dionisy ya mwaka 1502, iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000.

Turudi nyuma kidogo. Baada ya watumwa wa mashamba kuachiwa huru mwaka 1861, vijiji vilikusanywa katika volosti. Kanuni ilisema volosti iwe na wanaume walioandikishwa wasiopungua 300 wala kuzidi 2,000, na kijiji cha mbali kabisa kisizidi versta 12 kutoka ofisini, yaani kama kilomita 13. Kulikuwa na starosta, mzee wa kijiji, na chini yake desyatsky, aliyesimamia kaya kumi hivi. Mnaomjua balozi wa nyumba kumi mtaielewa kazi yake bila maelezo ya ziada. Juu ya volosti kulikuwa na uyezdi, na juu yake guberniya. Katika miaka ya 1920 Wasovieti walizifuta zote tatu. Uyezdi na volosti zikaipisha rayoni, ndogo kuliko uyezdi na kubwa kuliko volosti, na kila rayoni ikakatwa katika selsoveti, yaani mabaraza ya vijiji.

Wilaya ya Kirillov ni mfano mzuri kwa anayetafuta nyaraka za ukoo au za ardhi. Hadi mwaka 1918 uyezdi wa Kirillov ulikuwa chini ya guberniya ya Novgorod. Mwaka huo ukahamishiwa guberniya mpya ya Cherepovets. Tarehe 1 Agosti 1927 ikaundwa rayoni ya Kirillov ndani ya oblasti ya Leningrad. Tarehe 23 Septemba 1937 ikaundwa oblasti ya Vologda, na Kirillov ikaingia humo mpaka leo. Mtu akiandika Vologda kuomba karatasi za kijiji hiki za mwaka 1890, anaweza kujibiwa kwa haki kabisa kwamba hazipo, kwa kuwa makao makuu ya wakati huo yalikuwa Novgorod. Kwa hiyo kabla ya kuandika barua ya maombi, andika kwanza mwaka, kisha guberniya au oblasti ya mwaka huo, kisha uyezdi au rayoni, kisha volosti au selsoveti. Jina la kijiji liwe la mwisho. Na mkikuta mwaka 1963 rayoni imepotea halafu mwaka 1965 imerudi, si kosa la karani: Khrushchev, kiongozi wa Wasovieti wakati huo, aliziunganisha wilaya za vijijini kuwa kubwa mno, na baada ya kuondolewa kwake nyingi zikarejeshwa.

Sasa kiini cha mambo. Sheria ya 2003, kifungu cha 11, iliweka kipimo ambacho naona ni cha utu kuliko vyote vilivyomo humo. Mipaka ya halmashauri ya vijijini yenye vijiji viwili au zaidi ichorwe ili mkazi wa kila kijiji aweze kwenda kwa miguu hadi makao yake na kurudi ndani ya siku moja ya kazi. Mipaka ya rayoni ichorwe ili mkazi aende kwa chombo cha usafiri na kurudi siku hiyo hiyo. Maeneo yenye watu wachache sana au yasiyofikika yaliruhusiwa kukiuka. Idadi nayo ilihesabiwa: kijiji kimoja kikitaka kuwa halmashauri peke yake kilitakiwa kwa kawaida kiwe na watu zaidi ya 1,000, na kwenye maeneo ya msongamano zaidi ya 3,000. Baraza lenye wakazi chini ya 1,000 lilipaswa kuwa na madiwani wasiopungua 7. Kutoka 1,000 hadi 10,000, wasiopungua 10.

Palipo na wapiga kura wasiozidi 100 hakuna baraza. Wote wanakutana katika skhodi, mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ndio baraza. Akidi ni zaidi ya nusu ya wenye haki ya kupiga kura. Kwa vikongwe waliotawanyika vijiji vitano wakati theluji imefika magotini, nusu haipatikani kwa siku moja. Sheria ikarekebishwa kuruhusu mkutano ufanyike kwa awamu, mradi usivuke mwezi mmoja. Tangu sheria namba 83 ya Aprili 2018, cheo cha starosta kimerudi: skhodi inapendekeza, baraza linateua, kwa miaka 2 hadi 5. Ana kitambulisho, anaweza kufikisha maombi ya wanakijiji ofisini, lakini hana bajeti, na cheo chake si cha utumishi wa halmashauri.

Kipimo kile cha miguu kilivunjwa na fedha. Fuateni hesabu. Mfanyakazi anayelipwa rubo 100,000 anakatwa kodi ya mapato ya asilimia 13, sawa na 13,000. Kwa Kanuni ya Bajeti, halmashauri ya vijijini inapata asilimia 2 ya kodi hiyo: rubo 260. Rayoni inapata asilimia 13: rubo 1,690. Zilizobaki, 11,050, zinakwenda oblasti, ambayo ikitaka inaweza kurudisha zaidi. Hadi mwaka 2014 fungu la kijiji lilikuwa asilimia 10. Tena kodi hiyo inalipwa mahali pa mwajiri. Mwanakijiji anayefanya kazi Cherepovets anachangia taa za Cherepovets, na barabara ya nyumbani kwao haioni kitu. Halmashauri ya kijiji inabaki na kodi yote ya ardhi na ya nyumba za watu binafsi. Inasikika nono, lakini nyumba ya magogo ya zamani ina thamani ndogo kwenye sajili, na mstaafu amesamehewa kodi ya nyumba moja pamoja na mita za mraba 600 za ardhi. Kijiji cha wastaafu kinakusanya nini hapo? Sheria namba 136 ya Mei 2014 iliongeza pigo la pili: majukumu ya halmashauri za vijijini yakapunguzwa hadi 13, na maji, umeme, nyumba na barabara vikapelekwa rayoni, isipokuwa oblasti iamue vinginevyo. Halmashauri zilizobaki na kazi za majina ya mitaa, zimamoto ya awali, klabu ya utamaduni na usafi zilikuwa na ofisi ambayo mishahara yake ilikula sehemu kubwa ya mapato yake.

Watu nao walikuwa wanapungua. Sensa ya 2010 iliorodhesha makazi ya vijijini zaidi ya 153,000 nchini kote, na zaidi ya 19,000 kati yake hayakuwa na mkazi hata mmoja. Vologda peke yake ilikuwa na vijiji karibu 8,000, na zaidi ya 2,000 vilikuwa vitupu. Sehemu ya lawama ni ya sera ya miaka ya 1960 na 1970 iliyovitaja maelfu ya vijiji kuwa "visivyo na matarajio": havikujengewa shule wala barabara, na wakazi wakasukumwa kwenda vijiji vikubwa. Sera iliachwa mwaka 1980, watu wakiwa wamekwishaondoka. Wanaokumbuka Operesheni Vijiji watafananisha, ila tofauti ni hii: huko hapakuwa na malori ya kuhamisha watu kwa siku moja, kijiji kilinyimwa huduma mpaka chenyewe kikachoka.

Mei 2019 sheria ikaleta aina mpya, munitsipali okrugi: halmashauri zote za rayoni zinavunjwa na kuwa moja, yenye baraza moja na mfuko mmoja. Vologda ilibadilisha wilaya nyingi kwa njia hiyo mwaka 2022, Kirillov ikiwemo. Kisha Sheria namba 33 ya tarehe 20 Machi 2025, iliyoanza kutumika Juni mwaka huo, ikaufanya mfumo wa ngazi moja kuwa wa kawaida, huku mikoa inayotaka kubaki na halmashauri za vijijini ikiruhusiwa. Watetezi wanasema makarani wamepungua na fedha zimekusanyika mahali pamoja, na hilo ni kweli. Lakini siku ya kutembea kwa miguu imetoweka. Ferapontovo iko kilomita kama 20 kutoka mji wa Kirillov. Palipokuwa na ofisi ya halmashauri mara nyingi sasa pana tawi la okrugi: karani wa kupokea maombi, asiye na baraza la kumhoji wala bajeti ya kumwezesha. Ombi la kuchonga barabara theluji ikianguka linapokelewa kijijini na kuamuliwa mjini.

Nimeahidi kurudi kwenye jina la selsoveti. Ndani ya rayoni moja ya Vologda unaweza kukuta vijiji kadhaa vyenye jina moja, Gorka kwa mfano, maana yake kilima kidogo. Zamani uliandika halmashauri na kila mmoja alijua Gorka ipi. Halmashauri zikivunjwa, anwani ya ngazi ya pili inabaki okrugi na kijiji tu, Gorka na Gorka. Hapo jina la selsoveti kutoka ngazi ya kwanza ndilo linalovitenganisha. Sajili ya anwani ya taifa inaweka anwani mbili kwa kila mahali, ya kiutawala na ya kimunisipali. Chukueni zote mbili. Angalieni na misimbo: Vologda ni 35 kwenye namba za magari, lakini ni 19 kwenye OKATO, msimbo wa mgawanyo wa kiutawala, na pia kwenye OKTMO, wa serikali za mitaa. OKTMO ya tarakimu 8 inaishia kwenye halmashauri. Ya tarakimu 11 inafika hadi kijiji. Halmashauri ikivunjwa msimbo wake wa zamani unakufa, na malipo yaliyoandikwa kwa msimbo huo yanaweza kukwama.

La mwisho ni daftari la kaya, pokhozyaistvennaya kniga. Selsoveti zilifungua jipya kila baada ya miaka mitano, na humo ziliandika kila kaya: wanafamilia, ukubwa wa kiwanja, ng'ombe, nguruwe, mizinga ya nyuki. Mtu asiye na hati ya kiwanja cha bibi yake anaweza kuomba dondoo ya daftari hilo, na kwa kifungu cha 49 cha Sheria namba 218 dondoo hiyo inatosha kusajili haki ya kiwanja cha kulima bustani ya nyumbani. Iwe na eneo la kiwanja na msingi wa haki; msingi ukikosekana kwenye kumbukumbu, mjazaji asiubuni, aache nafasi. Halmashauri ikivunjwa, daftari linahamia okrugi au kwenye hifadhi ya nyaraka ya wilaya. Ulizeni limekwenda wapi kabla hamjapanda basi kwenda Kirillov.